Ugonjwa wa Shingo

Rumonge, Jumatano, mwezi wa Rajabu

Kumbe jina ndilo liliharibu! Gazeti letu la wauguzi liliandika "ugonjwa wa usingizi", wauguzi wakawasomea watu wa Magara. Wenyeji wakawamwagia wagonjwa maji wasilale, wakidhani ndiyo dawa. Nilikasirika mno. Mhariri ni mimi.

Toleo hili nikaandika: "Ugonjwa wa Shingo. Papasa shingo yako: uvimbe hutangulia, usingizi hufuata." Daktari wetu Mjerumani alinung'unika, eti si jina la kitaalamu.

Leo mama mmoja wa Magara kaingia kambi yetu ya matibabu kwa miguu yake, mkono shingoni.

"Amahoro, bwana. Iko kitu imevimba hapa. Usingizi bado."

Bado! Amewahi! Sijui kama dawa itamfaa, ila kuketi nashindwa kwa furaha.

Toleo lijalo, juu kabisa, naandika kwa neno lake: "Njoo usingizi bado."