Pua ya Shuvai na Mkono wa Bibi Madzore

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Fungisai Mazarura. Umri: miaka 16. Kazi: mwanafunzi, kidato cha tatu. Makazi: kijiji cha Mushayi, Zaka, Zimbabwe.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, nilikuwa jikoni kwa akina Madzore tukimenya karanga na Shuvai, mwenzangu wa darasani. Shuvai ana kifafa. Mama yake alikwenda kusaga mahindi, akaniachia dawa kwa sababu mimi nina saa ya mkononi. Alishanifundisha: zikipita dakika tano hajatulia, mpulizie puani, nusu tundu hili, nusu lile.

Saa nne na dakika kumi na mbili Shuvai alianguka, akaanza kutikisika. Nilimlaza ubavu, nikatazama saa.

Bibi yake, Bibi Madzore, aliingia na kopo la ugoro. Alisema, "Huyo ni marehemu babu yake amemjia. Anataka ugoro wake."

Nilipiga magoti, nikampigia makofi taratibu kama tunavyowaomba wakubwa. Nikasema, "Bibi, naomba usimtie ugoro puani. Dawa inapita hapo hapo."

"Na babu yake apite wapi, masikioni?"

Baba mdogo wa Shuvai, Bwana Tobias, alicheka mlangoni. "Msomi, hiyo umeisoma ukurasa wa ngapi?"

Dakika ya sita ilianza, na mimi bado napiga makofi. Midomo ya Shuvai ilikuwa imegeuka rangi. Bibi alichota ugoro kwa vidole viwili, akainama.

Nilimsukuma. Aliangukia kinu. Nilisikia mkono wake ukivunjika, lakini sikugeuka. Nilipuliza tundu la kulia, kisha la kushoto.

Saa nne na dakika ishirini na mbili Shuvai alilegea, akaanza kupumua kwa kukoroma. Bibi, akiwa chini ameshika mkono wake, aliuliza, "Anapumua?"

Nikasema, "Ndiyo, Bibi."

Jana Bwana Tobias aliniambia, "Sema bibi aliteleza, binti. Mwenyewe amekubali, yameisha." Bibi hakuteleza. Nilitumia mikono yote miwili, na nilijua ninayemsukuma ni nani.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, ni sahihi.

Sahihi: F. Mazarura

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika mbele ya mama wa shahidi. Mama aliomba neno "nilimsukuma" lifutwe. Shahidi alikuwa analia. Alikataa.

Sajini P. Matutu