Jina la Mama Yako Kitabuni

Mahundi, rafiki yangu,

Mama yako ameondoka Songea leo asubuhi. Nimeona nikuambie mwenyewe, kwa sababu kosa ni langu. Najua ungecheka kuniona nakuandikia. Ulikuwa ukisema kalamu yangu inakwaruza kama kuku anayetafuta mchwa, na kwamba Myao aliyefundishwa kuandika huko pwani hafai hata kuchunga mbuzi. Cheka tu. Tangu unyongwe pamoja na wenzako hakuna anayenitania hapa bomani.

Nchi mliyoipigania imekatwa vipande. Ile nchi ya nkosi, mfalme wenu, uliyonitembeza siku nne nzima bila mtu kutuuliza tunapita kwa ruhusa ya nani, sasa ina majumbe wengi, kila mmoja na kijito chake cha mpaka. Wandendeule wana wao, Wamatengo wana wao, Wangoni waliosalia wamegawanywa wasije wakakusanyika tena. Bwana Mkubwa wa boma, yule Mjerumani, anasema kila kabila litatulia likiwa na mkubwa wake.

Sitakudanganya, wapo waliofurahi. Mzee mmoja Mndendeule alicheza mbele ya meza yangu, pamoja na ule mguu wake mbovu, akisema baba zake walilima mashamba ya wengine mpaka wakazikwa humo humo. Ningemwambia nini? Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema kwamba shida si watu wengi kula chungu kimoja, shida ni mkono unaopakua kuwa uleule kila siku. Nilimwandika na nikafurahi naye. Lakini jioni nilirudi kwangu nikiwa mzito, sikula.

Kazi ya kuandika watu nilipewa mimi. Walikuja mmoja mmoja, wamekonda, maana mashamba yalichomwa na watu wanakula mizizi ya porini. Nilimwuliza kila mtu jina lake na kabila lake. Mama yako alifika akiwa amejifunga kile kitambaa chake cheusi, akasimama wima, akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Andika Mngoni."

Hapo ndipo nilipoharibu. Siku ile nilikuwa nimesikia kwamba nyumba za Wangoni zilizotoa watu wa kunyongwa ndizo zitakazobeba mawe ya barabara. Nikamtazama mabega yake. Nikakumbuka jambo uliloniambia mimi peke yangu, tulipokuwa tunaokota kumbikumbi kule Matogoro: kwamba mama yako alitekwa vitani akiwa mtoto, akaletwa toka milima ya Umatengo. Ulinikataza nisilitaje, kwa sababu kwenu mtoto wa vita akishaingia ndani ya nyumba ni wa nyumba, na kumwuliza mwanamke alikotolewa ni kumvua nguo mbele ya watu. Nililijua hilo. Hata hivyo niliinama nikaandika "Mmatengo", nikaita mtu mwingine. Nilidhani nimemwokoa. Mpumbavu mimi, niliona hata fahari kidogo.

Mawe hakubeba kweli. Lakini juzi ikaja amri kwamba kila aliyeandikwa akaishi kwa jumbe wa kabila lake. Kitabu kikasomwa uwanjani, nami ndiye niliyesoma. Nilipofika kwenye jina lake nilifunika mstari kwa kidole. Bwana Mkubwa akaniambia soma. Nikasoma, "Mmatengo, aende Umatengo." Wanawake aliotwanga nao maisha yake yote waligeuka wakamtazama. Yeye alinitazama mimi. Hakulia wala hakutukana, na ningependa angenitukana.

Mahundi, mama yako hajui hata neno moja la Kimatengo. Wala hawakumbuki waliomzaa. Alichokuwa nacho hapa ni lile shimo mlimolazwa nyote mlionyongwa, ambalo alilifikia kila asubuhi akalipalilia kwa mkono, kwa sababu jembe anaona litakuumiza. Ndicho nilichomnyang'anya.

Nilikwenda kwa Bwana Mkubwa nikamwambia nimekosea kuandika. Akasema kitabu hakikosei, na karani anayekosea atafutiwe kazi nyingine. Nikabaki na njia moja. Watu wa boma hawamo katika kugawanywa kule, na jamaa zao huhesabiwa pamoja nao. Nikaamua nimwandike kuwa mama yangu.

Nilimkuta anafunga mzigo: chungu, mkeka na kile kigoda chako cha miguu mitatu. Nilipiga magoti. Nilimkumbusha jinsi msafara wetu wa pwani ulivyonitupa njiani nikiwa na homa, nawe ukanibeba mgongoni mpaka kwake, naye akaninywesha uji kwa kijiko, akawa ananiita mwanangu kabla hajajua jina langu. Nikamwambia, mau, mama, kama ulivyokuwa ukimwita wewe, niruhusu nikuandike mama yangu ubaki karibu na Mahundi.

Alikaza fundo la mzigo. Kisha akasema, "Karani, mlishanipa kabila. Sasa mnataka kunipa na mtoto?" Hakuwa amewahi kuniita karani hata siku moja. Akajitwika mzigo wake, akaniambia, "Nilizaa mmoja, na yupo pale shimoni. Usiniandikie mwingine."

Nilimfuata mpaka kwenye mpaka mpya. Ni kijito tu, wewe ungekiruka. Alivuka bila kugeuka. Mimi sikuwa na ruhusa ya kuvuka, basi nikasimama nikimtazama mpaka kichaka kikamficha. Sasa hapa Songea hakuna mtu aliyewahi kuniona nikiwa mgonjwa, wala anayejua jinsi wewe ulivyokuwa ukicheka ukiwa umejaza ugali mdomoni. Niko peke yangu, ndugu yangu, na nimejitendea hivi kwa mkono wangu.

Lala salama, Mahundi. Nakuahidi nitapalilia pale mlipo, wewe na wenzako wote, kwa mkono, kama alivyokuwa akifanya mama yako, maana mle ndani hakuna aliyeulizwa kabila. Na mavuno yakija nitaomba ruhusa nipande milima ya Umatengo. Nitapiga hodi kwake kama mgeni yeyote. Akinifukuza nitarudi huku, na mwaka utakaofuata nitakwenda tena.

Wako,
Issa