Tairi Linalokwaruza Madigadi

Ubaruku, 6 Machi 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mwili umechoka. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Kalenga? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, unaishia kusema "ehe, ehe" tu, na jambo hili linamtaka fundi kama wewe alielewe vizuri. Barua anaichukua Nusrat, rafiki yangu anayekata tiketi Igawa, ataikabidhi kwa kondakta wa basi la Iringa.

Tumetoka msibani. Kalinga, yule binamu wa mume wangu aliyekufunga kwenye mchezo wa bao siku ya harusi yetu, amefariki. Amekutwa kando ya mfereji wa mashamba ya mpunga, baiskeli imepondeka na kifua chake kimepondeka. Watu wanasema ni lori, dereva akakimbia. Mama yake, Severina, hana mtoto mwingine.

Kingine ni gari. Tangu wiki hiyo ya msiba linavuja oili, na tairi la mbele kulia linakwaruza madigadi nikikata kona, mpaka mpira unanuka. Mume wangu Sedekia anasema ni uzee wa gari, tena alilipandisha juu ya jiwe. Amenikataza kulipeleka kwa fundi, eti ataliuza hivyo hivyo. Sasa mchele nitaufikishaje Igawa? Niambie nianzie wapi kuangalia.

Mwanao,
Yudith


Kalenga, 11 Machi 2023

Yudith mwanangu,

Marahaba. Goti linauma asubuhi, jua likiwaka linatulia. Pole sana na msiba. Yule kijana alinifunga bao huku akinicheka, nami nikampenda.

Sasa gari. Usinunue kitu kwanza. Liegeshe pakavu, utandike boksi safi chini yake. Oili nyeusi ni ya injini. Nyekundu ni ya giaboksi, maana hilo lako ni otomatiki. Ukiiona nyekundu, fuata unyevu kwenda juu mpaka palipo pabichi zaidi, kwa sababu oili hutiririka na upepo huitawanya, ikakudanganya. Kama pabichi ni pale ekseli inapoingia kwenye giaboksi, sili yake, ule mpira unaozuia oili, imekufa.

Tairi: hakikisha saizi ni sawa na la kushoto. Kisha pitisha kiganja kati ya tairi na madigadi, upande wa nyuma, kushoto halafu kulia. Kulia kisipopita, gurudumu limerudi nyuma, yaani mkono wa chuma unaolishika kwa chini umepinda. Gurudumu likisukumwa hivyo, ekseli nayo husukumwa, na sili haivumilii. Kwa hiyo pengine ni pigo moja tu limeleta yote mawili. Kama kweli lilikuwa jiwe, utaona chuma cha chini kimechunika.

Usiingize kichwa chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka magogo.

Baba yako


Ubaruku, 17 Machi 2023

Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa salamu fupi.

Oili ni nyekundu. Pabichi ni palepale kwenye ekseli. Tairi zote saizi moja, lakini kushoto kiganja kinapita na nafasi inabaki, kulia zinaingia ncha za vidole tu. Ule mkono wa chuma umepinda. Ila chini hapajachunika popote. Kwenye rimu kuna rangi ya kijani na vumbi la zege. Na kwenye ekseli kimejisokota kitu cha njano. Nilikivuta kidogo, nikaona kifungo. Baba, ni koti la mvua la Kalinga. Baiskeli yake ilikuwa ya kijani. Pale alipokutwa, kingo ya zege ya mfereji imemeguka, niliiona kwa macho yangu siku ya maziko.

Sikukuambia kwamba walipigana kwa sababu ya maji ya shamba. Kalinga alimpiga Sedekia kwa mpini wa jembe mpaka akaangukia mferejini, watu wakacheka. Alirudi nyumbani matope mwili mzima. Nilimpelekea maji ya kunawa, akanipiga na ile ndoo usoni. Hazikupita siku nyingi, Kalinga akaokotwa amekufa.

Sedekia anakula, analala, anakwenda kumsaidia Mama Kalinga kupasua kuni. Nifanye nini?

Mwanao,
Yudith


Kalenga, 20 Machi 2023

Mwanangu,

Usimuulize kitu. Usiguse tena hilo koti, usiendeshe hilo gari. Barua hii ukimaliza kuisoma ichome, uchukue nguo za kubadili, uende kwa Nusrat upande basi la kwanza. Ya polisi tutayasema ukiwa huku. Mtu aliyeweza kumfuata ndugu yake na gari hatashindwa na wewe.

Ningekuwa na goti zima ningekuwa nimeshafika, na panga langu.

Toka leo.

Baba


Hospitali, 4 Aprili 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Anayeandika ni Nusrat, mimi nasema. Mkono wa kulia umevunjika mara mbili na meno ya mbele hayapo, kwa hiyo nasema polepole. Nitapona.

Barua yako niliipata nikafunga mzigo. Nikashindwa kupita mlango wa Mama Kalinga nikamwacha akilaani madereva wa malori. Nikamwita aje aone mwenyewe. Sedekia alikuwa mashineni anakoboa mpunga. Nikainua gari kwa jeki, tukatoa tairi. Mama Kalinga akapiga magoti, akaingiza kichwa na mikono, akaanza kulifungua lile koti kwenye ekseli taratibu, kama anamvua mtoto. Magogo nilikuwa nayo pembeni, sijayaweka.

Sedekia akatokea uani. "Mnatafuta nini humo?"

Mama Kalinga akajibu bila kutoka: "Koti hili nililinunua mimi."

Sedekia akaipiga jeki teke. Nilimshika mama miguu nikamvuta kwa nguvu zangu zote, gari likashuka hapo kilipokuwa kichwa chake. Vidole viwili vilibaki chini. Sedekia akaokota spana ya magurudumu, akanipiga mkono, nikasikia mfupa. Akanipiga mdomo. Alikuwa anasema, "Nilikuambia usiguse gari! Nilikuambia!" Pigo la tatu alilielekeza kichwani, ila watu wa mashineni walishasikia kelele, wakamrukia.

Walimpiga kwa matofali na mipini mpaka sikio likaning'inia. Mmoja akaleta dumu la petroli akammwagia, mwingine akatoa kiberiti. Nikatambaa nikasema, "Mwacheni." Hawakunisikia. Nikamlalia juu, Baba, ile petroli ikaniingia kwenye vidonda. Ndipo Mama Kalinga akaja, mkono unachuruzika damu, akainama akamuuliza, "Ulimuua?"

Akasema, "Alinidhalilisha mbele ya watu."

Yule mwenye kiberiti akakishusha. Polisi wakamchukua, na gari wamelivuta.

Sasa ndugu wa Sedekia wanakuja hapa kitandani. Wengine wanataka niseme ni jiwe. Wengine wanauliza kwa nini nilimkinga. Usiku nasikia harufu ya petroli na sijui nimjibu nani. Nilikosea?

Mwanao,
Yudith


Kalenga, 7 Aprili 2023

Yudith mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimesomewa na jirani, macho yangu yaligoma.

Mambo ya gari atayasema fundi atakayeteuliwa na polisi. Mimi nimekataliwa kwa sababu ni baba yako, na wana haki. Wewe sema ulichokiona, jiwe halimo.

Umeniuliza kama ulikosea. Nimekaa na swali lako tangu juzi nikiwa na hasira tele. Mimi ningelishika lile dumu mwenyewe. Ningemchoma, na Severina asingelisikia lile jibu mpaka anakufa. Namshukuru Mungu kwamba uani pale ulikuwepo wewe, mimi sikuwepo.

Goti limefungwa bandeji na nimekata tiketi ya Jumamosi. Panga nimeliacha kwa jirani. Usinisubiri mapema hapo hospitali. Nitapita kwanza kwa Severina, nimpe pole ya mwanawe na ya mkono wake, halafu ndiyo nije kwako.

Baba yako