Mutoto wa Sinema Bubu

Niko na miaka makumi nane na tatu, nimezika mashefu wangu wote wa usine, kiwanda cha shaba. Lakini bibi yangu, Mama Odile, tangu siku ya Mungu iliyopita hanisemeshi, sababu nilisema mahubiri ya pasta wake ni marefu kuliko treni ya Kolwezi. Nilianza kuogopa nitakufa mu nyumba ya kimya.

Leo binti yetu akatuonyesha sinema bubu kwa telefone: mutoto mtundu anatia sabuni mu supu ya baba yake. Zamani kule Shituru, kwa usine yetu, miye ndiye nilisemea watoto wa sinema bubu, kuwatia sauti mbele ya watu, hakuna aliyenishinda.

Nikamusemea ule mutoto: "Kunywa, pasta, povu itafupisha mahubiri."

"Mzee, weye uko mupumbavu," Mama Odile akasema.

Amenisemesha! Anakana kama alicheka. Binti yetu ni shahidi: chai ilimutoka mama yake kwa pua.