Paa ya nyumba yetu kule Kalunguta

Butembo, jumamosi, siku ya posho, mwezi wa kumi

Mama amelala na furaha, na ile ndiyo inaniumiza.

Leo nilimupakia kwa pikipiki, tukapita njia ndogo za milima, kati ya maharagi yenye maua, mpaka juu ya Kalunguta. Tangu tukimbie vita, hajaona nyumba ambayo papa alijenga mbele ya kufa.

Basoda wenye bunduki bakatusimamisha. "Hapana kushuka kule, mama. Hakuna usalama."

"Basi unioneshe paa yake tu," mama akaniambia.

Nilitafuta sana. Pahali nyumba yetu ilikuwa, kumebakia kuta zenye kuungua na migomba. Macho ya mama hayaone mbali, donc nikamuonesha paa ya jirani.

Akasema, "Mungu asante, ingali imesimama."

Njia yote ya kurudi alinishika kiuno, akinielezea namna papa alipigilia yale mabati.