Maji Kupwa, Saa Nne Asubuhi

Mogogosiek,
2 Februari 2025

Chamgei Chepchumba, mtoto wa dada yangu,

Kwanza ujue unaandikiwa na mtu ambaye kiwanda cha chai hapa hakiwashi boila kabla hajapita getini. Nikichelewa, wanangoja. Meneja mwenyewe alinishika mkono akasema, "Mzee Kipkosgei, bila wewe hii majani ingelala." Sasa mtu kama huyo amekaa chini kukuandikia, kwa hivyo soma polepole.

Sisi huku ni wazima, ng'ombe pia. Wewe je, hiyo joto haijakumaliza? Mama yako anakusalimu. Simu hataki, anasema simu inaisha na barua inabaki, ndiyo maana natuma hii na basi.

Jambo lenyewe ni macho yake. Daktari amesema ni presha ya macho, na ile ameshapoteza hairudi. Anaona kama mtu anachungulia kwa bomba, na bomba inazidi kuwa nyembamba. Sasa ameomba kitu moja. Kabla giza haijafunga, anataka kuona hao samaki unaonyesha wageni. Miaka yote alikuwa anakasirika, ati mtoto wa majani chai anatafuta nini kwa chumvi. Saa hii hakasiriki. Anataka tu kuona.

Mimi nitamleta. Maji naijua. Ile mwaka Kipsonoi ilifurika si nilivuka nikishika mkia wa fahali, na mwenye alikuwa anaogopa ni fahali. Niambie siku.

Mjomba wako,
Kipkosgei


Diani,
16 Februari 2025

Mjomba mpendwa,

Chamgei mising. Mimi ni mzima, ni pua tu inayobanduka kwa jua. Barua yako niliisomea kwenye boti, ikanibidi nigeukie baharini wenzangu wasinione uso. Mlete mama. Mlete kabla ya mwezi wa nne.

Nikueleze tunavyochagua mahali, maana bahari si shamba kwamba utaikuta ulipoiacha. Alfajiri Nahodha Chirau husimama ufuoni hata chai hajanywa, na hapo hasemeshwi. Hutazama upepo. Miezi hii ni ya kaskazi, maji ni safi, unasimama maji yakiwa kifuani na unaona kucha za miguu yako. Kusi likiingia, mawimbi yanaruka mwamba na kutibua mchanga, basi tunajibanza nyuma ya mwamba au hatutoki kabisa. Halafu hutupa ganda la nazi aone mkondo unalipeleka wapi. Likikimbilia mlango wa mwamba, pale hatumpeleki asiyejua kuogelea, hata abembeleze vipi.

Kwa mama pana mahali pamoja tu, fungu la mchanga lenye visima vya matumbawe. Atasimama maji yakiwa magotini, atainama na miwani ya kuzamia, mimi nimemshika kiuno, na samaki watamjia hadi mikononi. Wa manjano, wa buluu, na mmoja mwenye mistari kama sweta yangu ya shule ya msingi. Huyo nataka amwone.

Sharti ni moja. Njoni siku ya maji kupwa, saa nne asubuhi. Mtu yeyote wa huku atawaambia ni siku gani. Siku nyingine sitaweza kumsaidia.

Mpwa wako,
Chepchumba


Mogogosiek,
9 Machi 2025

Chamgei mpwa wangu,

Natumaini pua imepona. Sisi tuko sawa, mvua inanukia.

Barua yako niliisoma mbele ya boma yote. Nyatichi jirani akasema, "Kipkosgei, wewe utakunywa hiyo bahari iishe, watu wakose." Nikamwambia nitamwachia kikombe. Rodah dada yangu akacheka mpaka akashika ukuta. Sijamwona akicheka hivyo tangu hospitali.

Hayo mambo ya upepo na ganda la nazi nilikuwa najua zamani, lakini umeeleza vizuri. Siku nimepata. Mochama wa duka ana shemeji yake bawabu huko pwani, Likoni, nikampigia mwenyewe, akaniangalilia ile siku yenye maji vile umesema, saa nne asubuhi kamili. Siku sitaji. Nataka huyo nahodha wako anikute nimesimama hapo kabla yake. Usipige simu kuulizauliza. Hii ni kazi ya mjomba.

Ni mimi,
Mjomba wako


Diani,
11 Aprili 2025

Mjomba,

Natumaini mlifika salama na mgongo wa mama haukuumia kwa safari. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimengoja hasira ipoe ndipo niandike. Nilipowaona ufuoni Jumamosi ile, wewe na suti na gambuti, mama amejifunga leso mpya, nilifurahi kwanza. Kisha nikatazama nyuma yenu. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye miti. Fungu lilikuwa chini kabisa. Na kusi lilikuwa limeanza siku hizo hizo.

Ulimwambia Nahodha Chirau wewe umevuka mito, atie boti majini. Hakukujibu kwa dharau. Alitupa ganda lake, ukaliona lilivyokwenda. Alimwambia mama, "Shangazi, nikikupeleka leo nitakuwa nimekudanganya."

Uliposema tiketi za kurudi ni za usiku ule na kliniki ni Jumatatu, nilimshika mama tukaingia maji ya vifundo. Aliinama na miwani. Nilimwuliza anaona nini. Akasema, "Naona kama chai ya maziwa." Akainama tena muda mrefu. Kisha akaniambia, "Nimemwona mmoja." Mjomba, hapakuwa na samaki pale. Alisema vile kwa ajili yangu.

Maji kupwa ni bahari ikirudi nyuma, mchanga unabaki wazi. Niliandika wazi. Kaskazi litarudi Novemba. Mwulize daktari kama macho yatangoja.

Chepchumba


Diani,
14 Septemba 2025

Mjomba wangu,

Habari za siku nyingi. Mwezi wa tano nimeandika, wa saba nimeandika. Mama, ingawa simu haipendi, ananiambia kwa simu ya Nyatichi kwamba hujambo, ila ukisikia jina langu unaenda kuangalia ng'ombe. Hasira yangu iliisha. Niandikie tu.

Mpwa wako


Mogogosiek,
23 Novemba 2025

Chamgei Chepchumba,

Natumaini uko mzima na kaskazi imefika huko. Huku mimi ni mzima. Juzi nimechaguliwa kusimamia kituo cha kupimia majani, watu walipiga makofi mpaka mbwa wakatoka mbio.

Macho ya mama yako yalifunga mwezi wa kumi. Daktari alikuwa ametuambia. Anachuma chai kidogo kando ya nyumba, anajua jani na kidole. Ile miwani ulimpatia ameitundika kwa msumari juu ya kitanda, na usiku anaigusa kama anaangalia iko.

Mimi nililaumu shemeji ya Mochama. Nikalaumu basi, nikalaumu huyo nahodha. Mochama hatusalimiani sasa, na shemeji yake hakukosa. Alinipa siku nilimwuliza.

Kila jioni Rodah ananiambia, "Soma ile ya samaki." Namsomea. Wa manjano, wa buluu, wa sweta. Halafu nafika pale kwa siku ya maji, nakohoa, naruka. Jana akasema, "Kipkosgei, hapo kuna neno unarukaga." Nikaenda kuangalia ng'ombe.

Hata ile siku ya kwanza aliniuliza, mbele ya boma yote, "Kupwa ni nini?" Watu wakaniangalia mimi.

Mpwa wangu, hiyo neno sikuwa naijua. Wewe unajua sisi hapa p na b tunachanganya. Nilifikiri ni wewe umekosea kuandika. Nikachukua kalamu nikakusahihisha, nikasoma kwa sauti: maji kubwa.

Mjomba wako