Ndoo ya Viazi vya Kachori

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana nakujua, hata ukiletewa habari za kiama utazisikiliza umesimama mbele ya karai. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea unaitumia, au umeiweka kabatini isubiri ugonjwa mkubwa zaidi? Mimi mzima, ila vidole vinawaka pilipili hata ninapoandika. Tangu asubuhi nimekaanga kachori na bajia, na fundi cherehani wa chumba cha pili ameshagonga mlango mara mbili kuuliza kama zimeiva. Nimemwambia akashone kwanza.

Barua yako niliipata juzi. Nimeisoma nikaikunja, nikaikunjua nikaisoma tena. Umeandika kwamba Jumamosi ijayo wajomba wanakwenda kwa shangazi yake wifi kumaliza maneno, mdogo wangu atoe talaka na mjukuu wako arudi kulelewa kwako. Umeandika kwamba miaka mitatu ya kutengana inatosha, na kwamba mwanamke aliyewalisha walimu chakula kilichochacha hana uso wa kudai heshima. Mwisho umeniomba nikuunge mkono, niwaandikie wajomba niliyoyaona siku ile. Haya, Mama. Nitasema niliyoyaona. Vaa miwani usome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Ila lazima nianze nyuma kidogo, na usiniambie nimeshaanza maneno yangu. Wewe ulikaa miaka kumi na miwili kwenye jiko la yule bibi wa Kihindi, ukatoka na mkono ambao mji mzima uliutambua. Bajia zako, sambusa zako, tambi za dengu, kachori zenye ukwaju na pilipili ya kumtoa mtu machozi huku anaomba nyingine. Mimi kifungua mimba wako nililelewa ndani ya moshi ule. Nilimenya viazi, nilichambua dengu, nilichuma majani ya giligilani moja moja hadi mgongo ukaniuma. Nikajua kwamba siku moja utaniita, utafunga mlango wa jiko, utanionyesha unavyochanganya viungo vyako.

Siku hiyo ilifika, ila uliyemwita ni wifi. Alikuwa na miezi miwili tu ndani ya nyumba yetu! Nilipokuuliza kwa nini yeye na si mimi, ulinijibu bila hata kugeuza shingo kwamba binti ni wa kuondoka, atabeba mkono wa nyumbani kwao akawape watu wengine, lakini mke wa mwanao ndiye wa kubaki. Wa kuondoka! Nilikuwa na miaka thelathini na minne, Mama, na hapakuwa na mtu aliyebisha hodi hata kwa bahati mbaya. Ulifunga mlango, nikabaki uani na beseni la maganda, nikisikia mnavyocheka humo ndani. Niliona gere, nakwambia ukweli. Niliona gere mpaka chakula kikawa hakishuki.

Na wifi hakuwa mbaya, ndilo lililoniudhi zaidi. Siku moja ulipokwenda kujinyoosha baada ya chakula cha mchana, alinijia uani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba akitaka kuchanganya viungo nisogee karibu nitazame, wala hatakwambia. Nikamjibu kwamba sili makombo. Akaendelea kukamua ndimu. Tangu hapo akawa ananiita dada kwa adabu zote, na kila akiniita hivyo nilitamani kumtia kofi.

Sasa nije kwenye Ijumaa ile. Unakumbuka mwalimu mkuu alikuwa ameagiza kachori za mkutano wa walimu wa Jumamosi, na wewe ukasema viazi vichemshwe mapema, vipondwe, vitiwe ndimu na viungo, tukaange alfajiri. Jikoni kwako kuna sheria moja ambayo hata mtoto wa miaka mitano anaijua: viazi vilivyopondwa havifunikwi vikiwa na moto. Vinatandazwa kwenye masinia, vinawekewa kawa ya kuzuia nzi tu, vinaachwa vipoe kabisa ndipo viingie kwenye friji. Wifi alifanya hivyo hivyo. Alivitandaza kwa mwiko, akaweka kawa, akatoka kwenda kumwogesha mtoto.

Mama, nilisimama mbele ya masinia yale na mvuke ukinipiga usoni. Nikachukua ile ndoo nyeupe ya mfuniko, nikakomba viazi vyote vikiwa bado vinachoma mkono, nikavishindilia, nikabana mfuniko mpaka ukalia. Kisha nikaisukuma ndoo chini ya meza, upande wa ukuta unaopigwa na jua la jioni. Wifi aliporudi nikamwambia kwamba viazi vimeshapoa, na kwamba wewe umesema vikae pale kwa sababu friji haipozi vizuri. Aliamini. Kwa nini asiamini? Asubuhi alionja, akasema ndimu imekolea kidogo. Pilipili na ukwaju vilifunika mengine yote. Nilikuwa nimekaa naye, nikimsaidia kuviringa, tunacheka habari za yule jirani wa wigi.

Nilitaka umgombeze tu. Nilidhani viazi vitaonekana vimeharibika kabla ya kukaangwa, utampigia kelele, utasema hafai, kisha utafungua mlango wa jiko uniite. Nilikuwa nimefika hapo tu katika kuwaza kwangu. Sikuwaza walimu kumi na tisa wakishikana matumbo, wala masinia kurudishwa mlangoni mchana kweupe, wala wewe kutoa nguo za mke wa mwanao na kuzitupa barazani majirani wakitazama, na mtoto amemshika mama yake gauni. Wifi alisema mara mbili kwamba si yeye aliyefunika ndoo. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango wa stoo. Nilinyamaza kimya, Mama. Hata kikohozi sikukohoa.

Mwezi uliopita moyo ulinisuta nikashindwa kulala, nikapiga moyo konde nikaenda kwa shangazi yake. Wifi amekonda. Anafua nguo za watu, na karai la kukaangia hataki hata kulisikia. Mtoto hakunitambua, alinipa mkono kama mgeni. Nilimweleza yote, tukiwa tumekaa chini ya kamba za nguo, mashuka yanatupiga mgongoni. Nilitegemea atanivua nguo kwa matusi, na ningevumilia. Lakini hakunitukana. Alisema alilijua tangu siku ile alipoiosha ile ndoo, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na wanawake watatu, yeye hakufunika, na wewe usingeweza kuharibu chakula chako mwenyewe. Kisha akaniuliza jambo moja tu. Aliuliza kama wewe ulikuwa unajua.

Nikamwambia hukujua. Nikaapa kabisa.

Nimemdanganya mara ya pili, Mama, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Ijumaa ile, mfuniko ulipolia, niligeuka nikakukuta mlangoni na fungu la giligilani mkononi. Uliitazama ndoo, ukayatazama masinia matupu ambayo yalikuwa bado yanatoa mvuke. Ukaniuliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza, ukaondoka. Labda ulikuwa na mawazo mengine, nakubali. Lakini siku ya pili masinia yaliporudishwa, kabla hujasema neno, ulinitazama mimi kwanza. Ulinitazama muda mrefu. Nikajua umeelewa. Halafu ukamgeukia yeye.

Maisha yangu yote nilikuwa nasubiri unichague mimi. Ulinichagua siku ile, Mama, tena mbele ya watu, kwa kumtupa mtoto wa mwenzio nje. Sikukushukuru, na sitakushukuru. Nilihama nyumbani kwa sababu sikuweza kula meza moja na wewe huku sote wawili tunajua. Wewe ulisema nimekwenda kutafuta maisha. Uliwaambia watu hivyo, nami nikaacha iwe hivyo.

Sasa umeniomba niseme niliyoyaona ili ndoa ya watu ivunjwe na mtoto atolewe kwa mama yake. Siwezi. Wazuie wajomba. Nenda wewe mwenyewe kwa wifi, ukaseme kwa mdomo wako, unitaje mimi na ujitaje na wewe. Anaweza kukataa kurudi, na akikataa ana haki. Mimi nitakuja Ijumaa na basi la asubuhi, nitakaa barazani, na majirani wale wale waje wanisikie. Ukinifungia mlango nitasemea nje.

Nisalimie wajomba wote, na shangazi wa duka la vyombo, mwambie sufuria yake ninayo na haijapata hata mkwaruzo. Mbusu mdogo wangu kwa niaba yangu, kama atakubali kubusiwa baada ya haya. Ukimaliza kusoma mpe naye asome. Usihangaike kuichoma, Mama, kwa sababu nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, na ile nyingine wifi ameshaipata.

Ni mimi binti yako,
kifungua mimba wako.